Ibn Battuta Afika Samudra: Safari ya Kadhi Aliyepoteza Kila Kitu Isipokuwa Elimu Yake

Kila sifa njema anastahiki Allah Subhaanahu wa Ta'ala, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na Swahaba zake, na kila aliyefuata njia yao kwa wema.

Ndugu zetu Waislamu, jina la Ibn Battuta si geni katika visiwa vyetu. Watoto hulisikia skuli katika somo la historia, pale wanapofundishwa kuwa alifika Mombasa na Kilwa akaandika aliyoyaona. Wengi wetu tunaishia hapo. Leo tunataka tumtazame akiwa mbali zaidi, siku alizoingia kwa mara ya kwanza katika mji wa Samudra, kaskazini ya kisiwa cha Sumatra, nchi ambayo leo ni Indonesia. Tutaona namna alivyopokewa na alichokiona, na mwisho tutaona safari hizo zilimgharimu nini. Humo mna mafunzo kwa kila nyumba yenye mtoto aliye safarini.

Kuzaliwa kwake na kutoka kwao

Abu Abdillah Muhammad bin Abdillah, maarufu kwa jina la Ibn Battuta, alizaliwa mwezi wa Rajab mwaka 703 Hijria, sawa na 1304 Miladi, katika mji wa Tangier, Moroko. Ukoo wake ulikuwa wa watu wa elimu na ukadhi, na yeye mwenyewe alisomeshwa fiqhi ya madhehebu ya Imam Malik.

Mwezi wa Rajab mwaka 725 Hijria, yaani Juni 1325, akiwa kijana wa miaka 21, alitoka kwao kwenda Hija. Alitoka peke yake, hana mwenza wa njiani wala msafara wa kujiunga nao. Wazazi wake walikuwa hai wote wawili, na kutengana nao kulimuuma yeye na kuliwauma wao. Hakujua kuwa ile ndiyo mara ya mwisho kuwaona. Kijana aliyeaga kwa safari ya Hija alikaa ugenini miaka 24.

Mlango wa pwani yetu

Baada ya kuhiji na kuzunguka Iraq na nchi za Uajemi, alishuka Yemen, na mnamo mwaka 1331 akapanda jahazi lililokuja na upepo wa kaskazi hadi pwani yetu. Tunayataja kwa ufupi aliyoyakuta huku, kwani yatatusaidia kuelewa aliyoyakuta Samudra.

Mogadishu alipokewa na kadhi wa mji. Kabla ya jambo lolote aliletewa tambuu na popoo kutoka kwa mtawala, akamiminiwa na marashi ya mawaridi kutoka Damascus. Akawekwa katika nyumba ya wanafunzi wa elimu, akaletewa wali wa samli na kitoweo, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili. Siku tatu alikula na kupumzika. Siku ya nne, nayo ilikuwa Ijumaa, akaletewa nguo za heshima, na miongoni mwake kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, kwa kuwa wenyeji hawakuwa wakivaa suruali. Ndipo akenda msikitini na kukutana na mtawala.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Aliwaona ni watu wa dini wanaofuata madhehebu ya Imam Shafii, misikiti yao ya mbao imejengwa madhubuti, na kila mlango wa msikiti una kisima ili mtu aoshe miguu kabla ya kuingia. Kilwa alimkuta Sultani Abul-Mudhaffar Hassan, ambaye watu walimwita Abul-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake. Ijumaa moja maskini kutoka Yemen alimzuia Sultani huyo njiani alipokuwa akitoka kuswali, akamuomba nguo alizozivaa mwilini. Sultani akarudi, akavua, akavaa nyengine, na zile akampa. Ibn Battuta alikuwepo.

Misiba ya Bara Hindi

Kutoka kwetu alirejea Arabuni, kisha akazunguka nchi nyingi hadi akafika Delhi. Huko Sultani Muhammad bin Tughluq alimpa ukadhi na mali nyingi. Lakini sultani huyo alikuwa mkarimu na mkali kwa pamoja. Aliyelala na neema aliweza kuamka mbele ya mnyongaji. Ibn Battuta mwenyewe alipata kuwekwa chini ya ulinzi akahofia roho yake. Kisha Sultani akamwita, akamtuma awe balozi wake kwa mfalme wa China, akiongozana na zawadi nyingi.

Msafara ulitoka Delhi mwaka 1341. Walipofika Calicut, pwani ya Malabar, zawadi zilipakiwa katika jahazi kubwa la Kichina, na mizigo yake na watu wake katika jahazi dogo. Yeye alibaki ufukweni ili aiwahi swala ya Ijumaa. Dhoruba ikapiga. Jahazi kubwa likavunjika na waliokuwemo wakafa. Mabaharia wa jahazi dogo walipoona yaliyotokea wakatweka matanga wakaondoka na kila alichokuwa nacho. Aliachwa pwani na dinari kumi na busati alilolalia. Swala ya Ijumaa ndiyo iliyokuwa sababu ya kubakia hai, kwa idhini ya Allah.

Hakuthubutu kurudi Delhi. Alikwenda visiwa vya Maldives, akafanywa kadhi, akaoa katika nyumba za wakubwa, kisha akakhitilafiana nao akaondoka. Aliporudi tena baharini karibu na Malabar, maharamia walimvamia kwa jahazi kumi na mbili, wakachukua kila kitu hata nguo, wakamwacha na suruali tu. Akaingia Calicut katika hali hiyo, akakaa msikitini. Mwanachuoni mmoja akamletea nguo, kadhi akamletea kilemba, na mfanyabiashara mmoja akamletea nguo nyengine.

Huyu ndiye mtu aliyeelekea Sumatra, balozi asiye na zawadi wala msafara, tena asiye na uhakika kama bwana wake angali anamtaka.

Bandari na mji

Alipanda jahazi huko Bengal, na baada ya siku kama arubaini za bahari akaiona Sumatra mnamo mwaka 1345. Yeye alikiita kisiwa hicho Jawa, kama walivyokiita Waarabu. Kilimpokea kwa rangi ya kijani, na miti aliyoitambua ni ile ambayo hata sisi tunaiona tukifungua dirisha: minazi, mipopoo, mifenesi, miembe na michungwa. Humo ndimo mlimotoka ubani wa Kijawa, udi na kafuri, ambayo sisi tunaiita karafuu maiti. Bidhaa hizi zilivuka bahari yote ya Hindi. Udi ulifukizwa majumbani, na kafuri ilitiwa katika maji ya kuoshea maiti wa Kiislamu kwenye miji ambayo wakaazi wake hawakuwahi kuiona Sumatra.

Jahazi lilipokaribia, wenyeji walitoka na vidau vyao wakileta nazi, ndizi, maembe na samaki. Hawakutaja bei. Walitoa kama zawadi, na wafanyabiashara nao wakawalipa kila mmoja kwa kadiri yake. Biashara ya kawaida ilifanywa kwa vipande vya bati na dhahabu ya China isiyosafishwa. Kisha naibu wa mkuu wa bahari akapanda jahazini, akawahoji wafanyabiashara, ndipo akawaruhusu kushuka. Waliteremka kwenye bandari yenye nyumba nyingi pembezoni mwa bahari. Mji wenyewe ulikuwa ndani zaidi, masafa ya maili nne.

Naibu yule aliandika kumjulisha Sultani kuwa amekuja mgeni wa aina gani. Haraka wakatumwa watu wa kumpokea, akiwemo amiri aitwaye Dawlasa, pamoja na kadhi wa mji aliyekuwa sharifu mwenye asili ya Shiraz, na mwanachuoni mwengine mwenye asili ya Isfahan. Akaletewa farasi kutoka kwa Sultani. Basi akaingia Samudra amepanda, akaona mji mkubwa mzuri uliozungushiwa ukuta wa mbao wenye minara ya mbao.

Tuzingatie jambo hapa. Alifika pale akiwa hana kitu. Kilichomfungulia mlango ni kuwa mwanachuoni aliyejulikana. Amiri Dawlasa aliwahi kwenda Delhi kwa ujumbe na walikuwa wakijuana. Kadhi alikuwa mtu wa fani moja naye. Kutoka Tangier hadi Samudra ni upande mmoja wa dunia na mwengine, lakini Qur-ani waliyoihifadhi ilikuwa moja, na lugha ya Kiarabu ya vitabu vya fiqhi ilikuwa moja. Mtu aliyepoteza mali yake mara mbili baharini alikuwa amebaki na kitu ambacho maharamia hawakuweza kukivua.

Siku tatu za mgeni

Katika ukumbi wa Sultani, kabla hata ya kumuona mwenyewe, aliletewa bahasha ya nguo. Ndani yake mlikuwa na vitambaa vitatu vya kujifunga, kimoja cha hariri tupu na vyengine vya hariri iliyochanganywa, pamoja na nguo za ndani, za kati na za juu, na vilemba vitatu. Alijifunga kimoja mahali pa suruali kwa mujibu wa ada ya watu wa huko, na nguo nyengine wakagawana wenzake. Kikaletwa chakula, kingi chake wali, kisha kinywaji, na mwisho tambuu. Pale tambuu ilikuwa ndiyo alama ya kuwa kikao kimekwisha na mgeni anaweza kuondoka.

Alipelekwa kwenye bustani iliyozungushiwa ua wa mbao, katikati mna nyumba ya mbao iliyotandikwa mazulia, na vitanda vya mianzi vyenye magodoro ya hariri na mito. Kupitia kwa Dawlasa, Sultani alimletea watumishi, akiomba radhi kuwa anatoa kwa kadiri ya uwezo wake, si kwa kadiri ya Sultani wa Hindi. Akaelezwa kuwa desturi ya nchi ni mgeni kukaa siku tatu kabla ya kumsalimia Sultani, ili uchovu wa safari umtoke na akili yake itulie. Siku zote hizo chakula kilikuja kwa wakati wake, na matunda asubuhi na jioni.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Aliambiwa kuwa atakutana na Sultani msikitini baada ya swala.

Siku ya Ijumaa

Sultani wa Samudra aliitwa al-Malik adh-Dhahir. Alikuwa wa madhehebu ya Shafii, na kadhalika watu wake. Dola yake ilikuwa changa. Jiwe la kaburi la Sultani al-Malik as-Salih, wa mwanzo kujulikana katika nasaba hiyo, lina tarehe ya 696 Hijria, yaani 1297 Miladi. Kwa hiyo Ibn Battuta alipofika, Uislamu wa watawala wa mji ule ulikuwa na umri wa miaka hamsini hivi tu. Nchi za jirani nyingi hazikuwa za Kiislamu, na Sultani alikuwa akipigana nazo mara kwa mara.

Siku za Ijumaa Sultani huyo alikuwa akienda msikitini kwa miguu, amevaa nguo za kawaida za wanavyuoni. Baada ya swala Ibn Battuta aliingizwa alipokuwa amekaa, kadhi na wanafunzi wa elimu wako kulia na kushoto kwake. Sultani akampa mkono, akamkalisha kushotoni kwake, akamuuliza habari za Sultani wa Hindi na za safari zake. Yalipokwisha mazungumzo hayo, wakarudi kwenye darsa waliyokuwa nayo ya masuala ya fiqhi ya Kishafii, wakaendelea hadi swala ya Alasiri. Mgeni Mmaliki kutoka Moroko alikaa nao akisikiliza. Hakuna aliyeona kuwa tofauti ya madhehebu ni sababu ya kumtenga.

Baada ya Alasiri Sultani aliingia katika chumba kilichomo msikitini, akavua nguo za kiwanachuoni akavaa za kifalme. Nje kulikuwa na tembo na farasi wakingoja. Desturi ilikuwa Sultani akipanda tembo, wenziwe hupanda farasi, na akipanda farasi, wao hupanda tembo. Siku hiyo alipanda tembo. Wakenda hadi ukumbi wa baraza, mawaziri, maamiri, makadhi na waandishi wakajipanga safu kwa safu, na farasi waliovishwa hariri na vikuku vya dhahabu wakacheza mbele ya Sultani. Mchezo huo Ibn Battuta aliwahi kuuona Delhi.

Hiyo ndiyo sura ya Samudra iliyobaki kwake: mtu mmoja ana nguo mbili kwa siku moja, na zile za elimu ndizo alizozivaa mwanzo, akiwa anakwenda kwa Mola wake.

Baada ya siku kumi na tano aliomba ruhusa ya kuendelea na safari, maana ulikuwa msimu wa kwenda China. Sultani akamtayarishia jahazi, akampa masurufu na mtu wa kumsindikiza. Aliporejea kutoka China mwaka 1347 alipita tena Samudra, akakaa karibu miezi miwili na kuhudhuria harusi ya mtoto wa Sultani, ambapo bwana harusi na bibi harusi walilishana tambuu mbele ya watu.

Gharama ya safari

Sasa tuje katika lile linalotugusa. Mwaka 1348 alifika Damascus, na huko ndiko alikopewa khabari kuwa baba yake alifariki miaka kumi na tano nyuma. Alijulishwa pia kuwa mtoto wake wa kiume, aliyezaliwa Damascus baada ya yeye kuondoka, naye alikwisha kufa miaka mingi. Mwaka ule ulikuwa wa tauni kubwa iliyoua watu wengi katika nchi za Sham na Misri. Aliendelea kurudi Moroko, na akiwa amekwishaingia nchini kwao, mwaka 1349, akaambiwa kuwa mama yake amekufa kwa tauni hiyo hiyo. Alipofika Tangier alikwenda kulizuru kaburi lake.

Baadaye alisafiri Andalusia, kisha akavuka jangwa hadi Mali. Aliporudi, Sultani wa Moroko alimtaka asimulie, na mwandishi Ibn Juzayy akayaandika. Kitabu kilikamilika mwaka 756 Hijria, sawa na mwisho wa 1355 Miladi, nacho ndicho kinachojulikana kwa jina la Rihla. Baada ya hapo alitulia, akawa kadhi katika mji mmoja wa Moroko hadi alipofariki. Allah amrehemu.

Mafunzo kwetu

La kwanza ni la mgeni. Sisi tuna msemo wa kumpa mgeni jembe baada ya siku mbili. Unachekesha, na una hekima yake kwa mgeni mvivu. Lakini dini yetu imeweka ugeni kuwa siku tatu, na miji ya Mogadishu na Samudra, iliyotengwa na bahari nzima, iliutekeleza ugeni huo kwa namna moja: chakula, nguo, mapumziko, kisha Ijumaa. Hakuna aliyewaandikia barua wafanane. Walifanana kwa sababu walisoma kitu kimoja.

La pili ni la elimu. Wazee wengi wanauza shamba au dhahabu ili mtoto apate nauli. Nauli humfikisha mtu bandarini tu. Kinachomfanya apokewe ni alichonacho kichwani na tabia yake. Tuwape watoto wetu elimu ya dini na ya dunia kabla ya tiketi.

La tatu ni la kutazama kwa uadilifu. Ibn Battuta hakuwa mtume wala hakukingwa na makosa. Wapo waliotilia shaka baadhi ya masimulizi yake tangu zama zake. Alioa katika miji mingi na kuacha wake na watoto nyuma yake, na alipokea watumwa kama zawadi bila ya kujiuliza, kama walivyofanya wengi wa zama zile. Haya hatuyataji kwa kumsengenya, bali tusije tukamfanya kiigizo katika kila jambo. Talaka ina hukumu zake, na mtoto aliyeachwa nchi ya mbali ana haki juu ya baba yake.

La nne, na ndilo zito zaidi, ni la wazazi. Zama zile barua ilichukua miaka. Leo kijana wetu aliyeko Muscat, Dubai au London ana simu mfukoni, na mama yake yuko Wete au Mkunazini anangoja. Ibn Battuta aliijua khabari ya baba yake baada ya miaka kumi na tano kwa kuwa hakuwepo wa kumpelekea. Kwetu sisi udhuru huo umeondoka. Anayepitisha miezi bila ya kuuliza hali ya wazazi wake hana bahari ya kuisingizia.

Ndugu yetu uliye safarini, piga simu leo. Na nyinyi mlio nyumbani, msiache kuwaombea dua walio mbali, kwani dua ya mzazi kwa mwanawe haina masafa.

Tunamuomba Allah awahifadhi wasafiri wetu baharini, nchi kavu na angani, awarejeshe salama kwa watu wao, awarehemu wazazi wetu waliotangulia na awape umri wenye kheri walio hai. Amin.

Wallahu a'lam.